Koo la Chiriku

Picha iliingia Jumamosi asubuhi, fundi akiwa ameinamia mguu wa meza, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuifungua mbele ya Msasa.

Msasa alikuwa mpiga rangi wa karakana ile ya useremala. Jina alilipata kwa kusugua mbao, ingawa waliomzoea walisema ulimi wake ndio unaokwaruza zaidi. Alipomwona fundi amesimama kimya na simu mkononi, aliitumbukiza brashi koponi akaja kuchungulia begani.

"Shemeji huyo! Amenawiri jamani. Huko ng'ambo wanakula nini?"

Pichani, mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya mbao, nyuma yake ziwa. Alikuwa na wenzake watatu anaosoma nao, wanawake wawili na mwanamume mmoja mrefu, wametoka mjini kwenda kupumzika mwisho wa wiki. Alikuwa anacheka mpaka macho yamefumba. Mwilini alikuwa na koti kubwa la kiume, mikono ya koti imevimeza viganja vyake. Chini ya picha ameandika kwamba leo angalau amecheka kidogo.

"Koti la nani hilo?" Msasa akauliza.

"Lake."

"Lake! Koti lake linamfika magotini? Au huko nguo wanauziana kwa kukadiria?"

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake. Akarudi kwenye meza, akashika msumeno, akakata mguu wa nne ukawa mfupi kuliko wenzake. Meza ilikuwa ya mteja, na mteja alikuwa anakuja kuichukua mchana huohuo.

Mke wake alikuwa muuguzi wa watoto. Alipata ufadhili wa kuongeza masomo nje ya nchi, na sasa alibakiza mtihani mmoja tu, wa Jumatano, wodini mbele ya walimu. Akiufaulu, anarudi na cheti, na hospitali alikotoka wameshamwahidi usimamizi wa wodi. Asipotokea bila sababu ya kueleweka, amepoteza yote. Hivyo ndivyo wafadhili walivyomwambia tangu mwanzo. Fundi aliyajua haya vizuri sana, na ndiye aliyemhimiza mkewe aende. Lakini siku ile hakuwa anafikiria mtihani. Alikuwa anafikiria koti.

Jioni alimpigia. Dada yake mkubwa, aliyehamia pale nyumbani kumlea mtoto, alikuwa jikoni anaosha vyombo, masikio yote yako sebuleni.

"Baba Chiriku!" Sauti ya mkewe ilikuwa ya furaha, halafu ikashuka. "Hamjambo? Mwanangu hajambo?"

"Hatujambo. Nimeona picha."

"Eh, walinibeba juujuu. Nilikuwa hata kula siwezi. Ile fulana ya Chiriku niliyokuja nayo, nilikuwa nainusa kila usiku, sasa haina harufu yake tena. Juzi nimekaa chumbani nalia kama mtoto mdogo. Wenzangu wakaona nitaingia kwenye mtihani mgonjwa, wakasema twende tukabadilishe hewa."

Haya yote mkewe aliyasema, na mtu mwenye masikio mazuri angeyasikia. Fundi alikuwa anasubiri amalize.

"Koti la nani?"

"Koti?"

"Ulilovaa."

"Aa, lile la huyu mwenzetu. Nilikuwa natetemeka, akanipa."

"Na yeye hakuona baridi?"

"Baba Chiriku, una nini?"

"Mimi nauliza tu. Hiyo nyumba ina vyumba vingapi?"

Kabla hajajibiwa, huko nyuma ya mkewe wakasikika watu wanamwita kwa jina ambalo fundi hakulijua, jina walilompachika wao. Mwanamume akasema kitu kwa lugha ya huko, na mkewe akacheka bila kutaka, kicheko kikamponyoka.

"Wananiita, chakula tayari. Kesho saa kumi kama kawaida, Chiriku anisomee. Mwambie achague ukurasa mzuri."

Simu ikakatika. Dada mtu akatokea mlangoni anajifuta mikono.

"Mwache mwenzio apumue," akasema. "Unamhesabia hata vyumba?"

"Dada, hayakuhusu."

"Yananihusu. Ukinuna, mimi ndiye ninayekula na wewe mezani."

Fundi akaifungua tena ile picha. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mkewe alicheka hivyo ndani ya nyumba hii, na hakukumbuka, na roho ilimwuma mno. Si kwamba alimdhania mkewe ubaya. Laiti angemdhania, pengine ingekuwa nafuu, angegomba yakaisha. Aliona wivu kwamba kuna watu wanaweza kumchekesha, na kwamba wamempa jina.

Kila Jumapili saa kumi, Chiriku alimsomea mama yake ukurasa mmoja wa kitabu cha shule kwa simu. Hii ilikuwa desturi yao tangu mama alipoondoka. Mtoto mwenyewe aliitwa Chiriku kwa sababu hakuwa na breki ya mdomo. Alisoma, akatia maelezo yake katikati, akaeleza mambo ya shuleni, ya jirani, ya paka wa jirani, na mama yake huko aliko akawa anasema "ehe, ehe" mpaka salio liishe.

Jumapili ile Chiriku alichana nywele, akakaa kwenye kochi na kitabu mapajani. Saa kumi ikafika, ikapita. Fundi akapiga, simu ya mkewe haipatikani. Akapiga tena. Akasimama dirishani, akakaa, akasimama.

"Labda mama anaoga," Chiriku akasema.

"Mama yako anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Mtoto akasubiri, akachoka, akaweka kitabu chini akatoka uani kuruka kamba na wenzake. Baba yake alilitazama kochi tupu, hasira ikampanda mpaka kooni. Alijiona mjinga wa kulea mtoto huku mwenzake anaogelea.

Jua lilikuwa linataka kuzama simu ilipolia.

"Nisamehe, nisameheni!" Mkewe alikuwa anahema. "Boti imetuzimikia katikati ya ziwa, mtandao hakuna, tumepiga makasia mpaka mikono imechubuka. Huyu mwenzangu mmoja katumbukia! Tumechekaa..." Na nyuma yake, kweli, walikuwa bado wanacheka. "Nipe Chiriku wangu."

"Chiriku anaumwa," fundi akasema.

Hakuwa amelipanga. Lilitoka tu, na lilipotoka alisikia kicheko cha mkewe kinakatika, akasikia pia akiwanyamazisha wenzake. Ng'ambo nzima ikatulia kwa ajili yake. Ni aibu kusema, lakini fundi alisikia raha. Kwa mara ya kwanza tangu picha ile iingie, mke wake alikuwa wake.

"Anaumwa nini?"

"Homa."

"Kiasi gani?"

"Anachemka."

"Anakohoa?"

"Hapana, hakohoi." Alidhani hapo amepunguza.

"Mpe simu nimsikie."

Uani, Chiriku alikuwa anahesabu miruko kwa sauti ya kuamsha mtaa. Fundi akasukuma dirisha likafunga. "Hawezi kuongea. Koo linamwuma."

"Chiriku hawezi kuongea?" Sauti ya mkewe ikawa nyembamba. "Anameza?"

Fundi akawaza kwamba koo linalouma halimezi. "Hamezi."

"Hata mate?"

"Hata mate. Yanamtoka tu."

"Amelala?"

"Hapana, amekaa." Hili nalo alilisema kwa nia njema. Mgonjwa aliyekaa, kwa akili yake, ana afadhali kuliko aliyelala.

"Amekaa vipi? Ameinamia mbele?"

"Kidogo."

Seremala hajui kwamba ipo homa ya koo inayomziba mtoto pumzi kwa muda mfupi sana, na kwamba dalili zake ndizo hizohizo alizokuwa anazitaja mojamoja kama anaokota misumari. Mkewe alijua. Alikuwa amewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo wodini, akamfia mikononi mwa mama yake huku daktari akiwa kwenye ngazi anapanda.

"Nisikilize, mume wangu," akasema, na fundi alishangaa jinsi alivyotulia. "Usimlaze. Usimfungue mdomo kutazama. Usimtie kijiko wala maji. Mbebe hivyohivyo alivyokaa, umkimbize hospitali sasa hivi. Waambie hapumui vizuri. Piga kelele. Umenisikia? Piga kelele mpaka wakuone kichaa."

"Nimesikia. Lakini si kwamba..."

"Nenda! Usiongee na mimi, nenda!"

Alipogeuka, dada yake alikuwa amesimama na kapu la nguo.

"Mtoto gani huyo anaumwa?"

Fundi akaitazama simu. Ilikuwa imeshaanza kulia tena. Akaizima kabisa, kwani mtu aliyekimbilia hospitali hawezi kukaa kochini anapokea simu, na pia kwa sababu alikuwa mwoga.

"Nimemtisha kidogo tu. Akumbuke ana nyumba."

"Washa hiyo simu umwambie ukweli."

"Kesho. Nitamwambia amepata nafuu."

"Wewe bwana, yule ni mama! Unajua analalaje leo?"

"Na mimi je, jana nimelalaje?"

Dada mtu alitua kapu. Alikuwa mtu mzima, amezika mume na kugombana na mawifi wa kila aina, lakini uongo wa namna hii hakuwahi kuusikia. "Usinitie kwenye huu uongo wako," akasema mwishowe, akatoka kwenda kuanua nguo.

Asubuhi ya Jumatatu fundi aliwasha simu karakanani. Ujumbe ukamiminika mpaka simu ikaganda. Wa mwanzo ulikuwa maswali. Mmefika? Wamesemaje? Kwa nini hupatikani? Baadaye maswali yakakoma, zikabaki dua. Wa mwisho ulikuwa mfupi, kwamba yuko uwanja wa ndege, ameshindwa kukaa, mwalimu amemruhusu kwa masharti, na kama lolote limetokea wamngoje, wasizike.

Alisoma neno la mwisho mara kadhaa. Kisha akapiga, akapiga, akapiga. Simu haipatikani. Yuko angani.

"Vipi, koti limerudi kwa mwenyewe?" Msasa akatania kutoka kwenye kopo lake la rangi. Alipouona uso wa fundi aliweka brashi chini, na kwa mara moja katika maisha yake hakuongeza neno.

Mtu mwingine hapo angekaa chini akatafakari namna ya kuomba radhi. Fundi alikwenda shuleni kwa Chiriku, akamtoa darasani, akampeleka zahanati. Alitaka apate chochote, dawa, sindano, neno la daktari, kitu cha kumwonyesha mkewe. Walikaa foleni na wagonjwa wa kweli. Chiriku aliwahoji wote wanaumwa wapi.

"Ana nini huyu?" tabibu akauliza.

"Koo."

"Sina koo," Chiriku akasema. "Baba, nina koo? Mimi nilikuwa kwenye hesabu, mwalimu alikuwa ananiita ubaoni, halafu baba akaja, tena mwalimu amekasirika..."

Tabibu alimulika kurunzi, akatazama, akaizima. "Mzee, koo hili ningekuwa nalo mimi ningeimba. Kuna watu wanangoja hapo nje." Kwenye foleni wakacheka. Fundi alimshika mtoto mkono, wakatoka, akanunua dawa ya maji dukani, chupa ya kwanza aliyooneshwa. Nyumbani akaimwaga nusu kwenye sinki ili ionekane imetumika. Dada yake alimtazama toka mwanzo hadi mwisho, akasonya.

Mkewe alifika Jumanne mchana. Hakuwa na sanduku, ana mkoba tu, viatu vina matope ya ziwani. Chiriku alikuwa uani na kamba yake. Alipiga ukelele, "Mama!", akatupa kamba, akamrukia.

Mama mtu alipiga magoti palepale chini. Hakumkumbatia kwanza. Alimshika taya, akampapasa shingo, akaweka sikio kifuani, akamwambia apanue mdomo. Akatazama kwa muda mrefu. Ndipo akamvuta kifuani na kulia, kilio kikubwa ambacho majirani walitoka kukitazama, na katikati yake alikuwa anashukuru, anamshukuru Mungu, anamshukuru mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Umemwahi," alisema. "Umemwahi, baba. Ahsante. Simu iliniishia chaji, mimi njia nzima nilishamzika."

Fundi akasema, "Tushukuru."

Dada yake alipita katikati yao na kikombe cha chai, akamkabidhi wifi yake bila kumtazama usoni. Wakaingia ndani. Ikawa vicheko na machozi, Chiriku hashuki mapajani, na kwa muda kidogo fundi aliamini kwamba mambo yatapita hivihivi.

"Sasa nipe cheti cha hospitali," mkewe akasema akijifuta macho. "Mwalimu kanitetea. Wamesema nikileta karatasi ya daktari kwamba mtoto alilazwa, watanipa siku nyingine ya mtihani. Wenzangu wamenichangia tiketi hadi ya kurudi. Yule mwenye koti uliyekuwa unamwuliza, ndiye aliyeendesha usiku kucha kunifikisha uwanjani."

Fundi akakohoa. Akaichukua ile chupa juu ya kabati, akampa.

Muuguzi aliisoma. Akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ni ya kikohozi."

"Ndiyo waliyotupa."

"Ulisema hakohoi."

Chiriku, ambaye hakupenda ukimya, akaona ausaidie. "Mama, daktari alisema koo langu zuri, angeimba! Watu wote walicheka. Baba alinitoa kwenye hesabu."

Mkewe akamshusha mtoto mapajani taratibu. Akamtazama mumewe, kisha wifi yake, na wifi yake akainamisha kichwa.

"Mtoto hakuumwa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Hakuumwa," fundi akasema.

"Hata homa?"

"Hata homa. Mama Chiriku, nilikuwa na wivu. Nilikusikia unacheka."

Alidhani atapigwa, au atatukanwa, na alikuwa tayari. Mkewe alikaa tu, chupa mkononi.

"Nilikuwa natafuta sababu," akasema. "Kila siku nilikuwa natafuta sababu moja tu ya kurudi nyumbani. Nikajisemea wakiniita, naacha kila kitu, narudi. Wenzangu wale ndio walikuwa wananishika, wananiambia bado kidogo, bado kidogo. Wewe ungeniambia tu rudi nimekukumbuka, ningerudi usiku uleule, na nisingekulaumu mpaka kufa."

"Wifi," dada mtu akaingilia kwa haraka, "karatasi inatafutwa. Kuna daktari hapo mtaa wa pili namfahamu, atatuandikia siku zozote tunazotaka."

"Nimwandikie mwanangu ule ugonjwa?" Aliinuka. "Nimewahi kuufunika kwa shuka, wifi. Siuandiki kwa mkono wangu."

Akachomoa simu yake kwenye chaji, akampigia mwalimu wake mbele yao wote. Aliongea kwa lugha ya huko, polepole, bila kulia. Fundi hakuielewa lugha ile hata neno, lakini alimwona mkewe akimtazama yeye wakati anaongea, akajua ni wapi hasa katika maelezo alikuwa anatajwa. Upande wa pili wakasema kitu kirefu. Mkewe akaitikia, akaitikia, akashukuru, akakata.

"Wanasemaje?" fundi akauliza.

"Wanasema pole."

Hakurudi tena masomoni. Wodi aliyoahidiwa akapewa mwingine, naye akapokewa hospitalini kwa cheo chake cha zamani, zamu zake za zamani, anavaa sare ileile. Hakuondoka nyumbani, kama majirani walivyotabiri. Alipika, alifua, alimwitikia mumewe kila alipoitwa, na fundi akipokea mshahara alimkabidhi wote, naye akasema ahsante. Karakanani Msasa alimpongeza kwamba sasa anarudi nyumbani kwenye nyumba yenye mtu.

Na kweli mtu alikuwepo. Jioni moja fundi alikuwa anakuja kutoka kazini, na kabla hajafika mlangoni alisikia kicheko. Kilikuwa kilekile cha kwenye simu, cha mtu aliyesahau kujizuia. Chiriku alikuwa anamsimulia mama yake kitu, na mama yake hana mbavu. Fundi akaongeza mwendo, uso umemchangamka, akasukuma mlango.

Kicheko kikakatika. "Karibu," mkewe akasema, akainuka kumtengea chakula.

Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Basi siku hizi akifika haingii moja kwa moja. Anasimama nje karibu na dirisha, begi la zana begani, anawasikiliza wawili hao humo ndani, na anamwonea wivu mwanawe.